Bushi Huchakaa ili Giaboksi Ipone

Gari kuukuu la gia za mkono likianza kusumbua katika mitaa ya Eastlands, Nairobi, kama Umoja, Kayole au Buruburu, uamuzi huja haraka: giaboksi imekwisha. Dalili zinajulikana na kila dereva. Liva inacheza huku na huku, unatafuta gia ya pili unapata ya nne, rivasi inaingia siku ikitaka, na gia ya tatu inachomoka yenyewe mguu unapotoka kwenye mafuta. Kinachofuata ni safari ya Barabara ya Kirinyaga, ambayo wengi bado wanaiita Grogan, kuulizia giaboksi ya eks-Japani, yaani ya mtumba kutoka Japani, au siku nzima ya kuishusha giaboksi iliyopo ili ifunguliwe. Makala haya yanatetea utaratibu mwingine. Kabla ya mtu yeyote kuigusa giaboksi, bushi za viungo vya gia zikaguliwe, na zikionekana zimelika zibadilishwe zote kwa pamoja, kwa kitu ambacho nacho kitalika. Sehemu hiyo ya mwisho ndiyo inayopingwa zaidi, maana mwenye gari hutaka kitu kisichokufa. Lakini bushi iliwekwa pale ili ife kabla ya wenzake, na gari lolote lililoishi miaka mingi Eastlands limeishi kwa sababu kuna aliyeukubali ukweli huo.

Liva ya gia haiigusi gia yenyewe. Kati ya mkono wa dereva na giaboksi kuna vyuma au kebo, na kila mahali chuma kimoja kinaposhikana na kingine pana kiungo ambacho lazima kizunguke bila kulegea. Ndani ya kiungo hicho hukaa bushi: pete ndogo ya nailoni, plastiki au raba, nyingine haizidi ncha ya kidole gumba, inayozuia pini ya chuma isisuguane na tundu la chuma. Mpangilio wake hutofautiana kwa aina ya gari. Katika Nissan Sunny za B13 na B14, vyuma viwili virefu hupita chini ya sakafu. Kimoja hupeleka mwendo wa liva kwenye giaboksi, na cha pili huishikilia liva isiyumbe injini inapotikisika. Corolla za AE100 na AE110, pamoja na Probox, hutumia kebo mbili, moja ya kuchagua mstari wa gia na nyingine ya kuisukuma gia iingie, na kebo hizo zina bushi kwenye ncha zake. Katika Corolla za mwanzo wa miaka ya 1980 zinazosukumwa na magurudumu ya nyuma, zile zinazojulikana kama DX, liva hushuka moja kwa moja ndani ya giaboksi, na mwisho wake hukaa kwenye kikombe kidogo cha plastiki. Peugeot 404, ambayo liva yake iko kando ya usukani, ilihitaji viungo vingi zaidi kuufikisha mwendo huo chini. Kadiri viungo vinavyoongezeka, ndivyo mahali pa kulegea panavyoongezeka.

Kwa nini basi mtengenezaji achague plastiki na raba, wakati alikuwa na chuma kibao? Soli ya kiatu huliwa na barabara ili mguu usiliwe, na bushi iko pale kwa kazi hiyo hiyo. Pini ya liva ni sehemu ya chuma kikubwa kilichounganishwa na mwili wa gari au giaboksi. Ikilika, utabadilisha chuma kizima. Bushi ikilika, utabadilisha bushi. Zaidi ya hapo, raba na nailoni hunyonya mtikisiko wa injini usipande hadi mkononi kwa dereva na usiwe kelele chini ya sakafu. Kuchakaa kwake ni kazi iliyofanyika, na hakumaanishi kwamba gari liliundwa vibaya.

Sasa tuangalie kinachotokea bushi ikiachwa baada ya kumaliza kazi yake. Liva ni wenzo, na sehemu yake ya juu ni ndefu kuliko ya chini. Tuseme ni mara nne. Bushi ya chini ikilika milimita moja, kichwa cha liva kitacheza milimita nne kabla ya chochote kusogea chini. Viungo vinne vikilika hivyo hivyo, mchezo wa juu unafika milimita kumi na sita, na dereva anaanza kuikisia gia badala ya kuichagua. Ubaya wenyewe uko ndani zaidi. Ringi inayoifunga gia ndani ya giaboksi husogea umbali mdogo, sentimita moja hivi, na mwendo ukipotelea kwenye viungo vilivyolegea, ringi hiyo haifiki mwisho. Meno yanaumana kwa ncha tu. Gari likivuta mzigo au likiteremka, gia inachomoka. Kila inapochomoka meno yanaviringika kidogo, na meno yaliyoviringika huchomoka kwa urahisi zaidi. Hapo ndipo bushi iliyokufa huanza kuiua giaboksi kwelikweli. Anayesema giaboksi imekwisha anaweza kuwa mkweli mwaka ujao, lakini leo bado kuna nafasi ya kuiokoa.

Mazingira ya Eastlands huharakisha uchakavu huu kwa njia zinazoweza kutajwa moja moja. Ya kwanza ni msongamano. Asubuhi kutoka Donholm hadi mjini kwa Barabara ya Jogoo ni gia ya kwanza, ya pili, nyutro, kisha ya kwanza tena, na kila badiliko ni msuguano kwenye viungo vyote. Ya pili ni udongo mweusi unaonata, ambao ndio ardhi ya sehemu kubwa ya mashariki ya Nairobi. Ukilowa hugandia chini ya gari, ukikauka huwa vumbi linaloingia kwenye grisi na kuigeuza kuwa kitu cha kusaga. Ya tatu ni namna tunavyoosha magari. Maji ya presha yakielekezwa chini ya gari huondoa matope pamoja na grisi, na wengine hunyunyizia dizeli au mafuta ya taa, ambayo huivimbisha raba na kuilainisha hadi inamomonyoka. Injini kuukuu inayovuja oili hufanya hivyo kila siku bila kusaidiwa. Ya nne ni umri. Kiwango cha KS 1515 cha Shirika la Viwango la Kenya kinazuia kuingizwa kwa gari lililozidi miaka 8 tangu lisajiliwe mara ya kwanza, kwa hiyo magari mengi ya mtumba hushuka bandarini Mombasa yakiwa na miaka kadhaa mgongoni, kisha yanaanza maisha mapya yanayoweza kupita miaka 20. Bushi zilizotoka nayo kiwandani hazikukusudiwa kufika huko.

Kubaini ugonjwa hakuhitaji mashine. Injini ikiwa imezimwa na gari limezuiwa lisitembee, mtu mmoja anakaa kwenye usukani na kupitisha liva katika gia zote taratibu, na mwenzake analala chini na tochi akitazama kiungo kimoja baada ya kingine. Kiungo kizima huondoka pamoja: liva ikisogea, chuma kinasogea papo hapo. Kiungo kilicholika huonekana kwa jicho, kwa sababu pini husafiri kwanza peke yake ndani ya tundu, inagonga ukingo, ndipo chuma cha pili kinaitika. Ukiweka kidole hapo utausikia mgongano huo. Majibu mengine hupatikana kwa kulinganisha. Gia zikiingia vizuri injini ikiwa imezimwa lakini zikakwaruza ikiwa inawaka, hasa rivasi, mshukiwa ni klachi isiyoachia vizuri. Liva ikiruka mbele na nyuma unapokanyaga na kuachia mafuta, zitazame pia maunti za injini, kwa kuwa injini inayotupwa huku na huku huvuta viungo vya gia pamoja nayo. Na kama viungo vyote vimekaza, liva haichezi, lakini gia moja tu inachomoka, hapo kweli giaboksi ina kesi ya kujibu. Ukaguzi huu hauchukui hata saa moja, na unapaswa kutangulia spana yoyote inayofungua boliti za giaboksi.

Kazi ya kubadilisha ina adabu zake. Gari liegeshwe mahali tambarare, lizuiwe kwa vigingi, na likiinuliwa lilazwe kwenye stendi za chuma; jeki peke yake si ya kulaliwa chini, na tofali la simiti linaweza kupasuka bila kutoa ishara. Kabla ya kufungua chochote, alama ya rangi iwekwe mahali chuma kinapobanwa na boliti ya kurekebisha, ili nyutro isipotee wakati wa kurudisha. Pini ya kufungia, washa na springi hupangwa chini kwa mfuatano zilivyotoka. Bushi kuukuu ikitolewa, tundu na pini vinasafishwa na kukaushwa, kisha pini inapapaswa kwa ukucha. Ukucha ukikwama kwenye ngazi, pini yenyewe imeshaliwa, na bushi mpya juu yake italegea mapema. Bushi ya plastiki huingia kwa urahisi ikilowekwa kwanza kwenye maji moto, halafu ikasukumwa kwa jiliwa au kwa koleo lenye mdomo mpana. Nyundo huipasua ufa usioonekana. Nailoni hupakwa grisi ya kawaida ya lithiamu, lakini raba hupendelea grisi ya silikoni, kwa sababu grisi ya petroli huila raba ya asili pole pole kama oili inavyoila. Pini ya kufungia iwe mpya, maana ile ya zamani iliyokunjwa na kukunjuliwa huvunjika barabarani na kuliacha gari bila gia hata moja. Mwisho, gia zote zijaribiwe injini ikiwa imezimwa, kisha ikiwa inawaka, kabla magurudumu hayajagusa chini.

Pingamizi la kwanza, na ndilo zito, hutoka kwa mafundi wenyewe. Husema kwamba plastiki haivumilii barabara zetu, na kwamba mkereza vyuma wa Kariobangi Light Industries anaweza kutengeneza bushi ya chuma itakayodumu kuliko gari. Kuna ukweli ndani yake. Kwa magari mengi ya kebo, mtengenezaji huuza kebo nzima pamoja na bushi yake, wala hakuna bushi peke yake dukani, kwa hiyo mkereza ni mkombozi halisi wa mwenye gari la kipato cha kawaida. Tatizo ni kuchagua kitu kitakachodumu kuliko pini. Bushi ya chuma kigumu juu ya pini ya chuma haifuti uchakavu, inauhamisha tu. Kinacholiwa sasa ni pini ya liva au mkono wa giaboksi, vitu ambavyo havikerezeki kwa dakika kumi. Gari nalo linaanza kulia chini ya sakafu, kwa kuwa hakuna tena kinachonyonya mtikisiko. Kanuni ya kumpa mkereza ni fupi: bushi iwe laini kuliko pini yake. Nailoni ngumu inakidhi hilo vizuri. Brasi pia inakidhi, mradi kiungo kiwe na grisi na mtu wa kuikumbuka. Vipimo vichukuliwe kwenye pini na tundu vilivyosafishwa, siyo kwenye bushi iliyolika, ambayo haisemi tena ukubwa wake wa kweli. Na nailoni iachiwe nafasi ya sehemu ya kumi ya milimita hivi, kwa sababu hunyonya unyevu na kuvimba kidogo. Bushi iliyokerezwa kwa kubana sana itaifanya gia iwe ngumu msimu wa mvua.

Pingamizi la pili ni la mfuko. Mbona usifunge kipande cha tyubu ya baiskeli kwenye kiungo, ukazungushia waya, na safari ikaendelea? Kama dharura ya kulifikisha gari nyumbani, hakuna wa kukulaumu. Kama matengenezo, waya hukata tyubu, tyubu husogea, na siku moja kiungo kinaachana kabisa. Mwingine atasema anunue kiungo kizima cha eks-Japani. Chuma chake kinaweza kuwa kizuri, pengine kizuri kuliko kilichopo, lakini bushi iliyo ndani yake ina umri wa gari lililochinjwa na raba huzeeka hata ikiwa rafuni. Ukinunua chuma hicho, bado weka bushi mpya. Na yuko anayetaka kubadilisha moja tu, ile iliyoharibika zaidi. Hesabu tuliyofanya hapo juu inamjibu: mchezo wa viungo hujumlishwa, na bushi hizo zilianza kazi siku moja, chini ya gari moja, kwenye matope yale yale. Aliyelala chini ya gari kubadilisha moja ameshalipa sehemu kubwa ya ufundi wa kubadilisha zote.

Pingamizi la tatu linagusa heshima. Wengine huona gari la miaka 25 halistahili uangalizi wa namna hii, na fundi wa kando ya barabara hawezi kazi inayohitaji kipimo. Kuhusu gari, historia ya hapa nyumbani inatoa jibu. Peugeot 404 ilishinda Mbio za Safari za Afrika Mashariki mwaka 1963, kisha 1966, 1967 na 1968, na 504 ikashinda 1975 na 1978. Ushindi huo ndio uliozipa sifa ya ugumu, lakini gari la Safari halikumaliza kwa kuachwa lilivyo. Lilisubiriwa njiani na mafundi waliobadilisha vilivyochoka kabla havijakata. Ugumu wa gari ni uhandisi pamoja na uangalizi, na uangalizi ndio ulio mikononi mwetu. Kuhusu fundi, ripoti ya Shirika la Kazi Duniani kuhusu Kenya ya mwaka 1972 ilikuwa ya mapema kusisitiza kwamba kazi zinazofanywa nje ya sekta rasmi zina tija na zinastahili kuungwa mkono badala ya kufukuzwa. Leo fundi aliyejifunzia kazi Kariobangi au Gikomba anaweza kufanya mtihani wa ufundi wa Mamlaka ya Kitaifa ya Mafunzo ya Viwanda na kupewa daraja lake. Kubadilisha bushi ni kazi inayomfaa hasa: haidai shimo wala kreni, inadai jicho, mkono mtulivu na kipimo.

Hoja ya usalama haiwezi kurukwa. Sheria ya Trafiki ya Kenya inataka sehemu zote za gari lililo barabarani ziwe katika hali isiyohatarisha watu. Wengi huisoma sheria hiyo wakifikiria breki, tairi na taa. Lakini gari linaloingia Barabara ya Outer Ring kutoka mtaani, dereva akidhani yuko gia ya kwanza kumbe ni ya tatu, huzima katikati ya njia ya malori. Matatu inayopoteza gia mlimani hurudi nyuma kuelekea wanaovuka. Dereva anayeitazama liva akitafuta gia haioni barabara. Kwa wenye matatu, ambao gari moja hubeba riziki ya dereva, kondakta na mwenye gari, siku inayopotea kwa gia iliyokwama ni hasara inayozidi seti nzima ya bushi.

Kinachobaki ni namna tunavyolipa, na hapa lawama iko kwetu wenye magari. Tumezoea kumlipa fundi kwa ukubwa wa chuma alichokibeba. Akishusha giaboksi tunaona jasho lake na tunatoa pesa. Akilala chini dakika 40, akatoka na pete tatu za plastiki mkononi, tunamwambia hiyo ni kazi ndogo na tunampa ya chai. Fundi mwenye watoto wa kulisha atajifunza haraka ni ugonjwa upi unaolipa. Ukaguzi uwekewe bei yake na ulipwe hata pale unapoonyesha kwamba hakuna cha kununua. Mwenye gari naye awe na ombi moja kabla ya kukubali giaboksi ishushwe: fundi, nionyeshe kiungo kinachocheza, au nionyeshe kwamba hakuna. Fundi mzuri hataudhika kwa ombi hilo, kwa sababu linampa nafasi ya kulipwa kwa kile anachokijua. Magari haya yataendelea kutubeba kwa miaka mingi, na bei ya kuyaweka barabarani itashuka siku tutakapoanza kuuthamini utambuzi wa fundi kama tunavyouthamini mgongo wake.